Mafungo ya watumishi huku Mbweni: nendeni, ila semina waipunguze

Semina za viongozi wa kanisa nimehudhuria nyingi tu na karibu zote ni mambo ya ofisi, bajeti, kamati, namna ya kuchangisha, sasa hii nyumba ya mafungo, yaani pa kujitenga na kusali, pande za Mbweni huku Unguja imenifurahisha maana wao wanaanza na mchungaji mwenyewe, anaombaje akiwa peke yake, hana mimbari wala mtu wa kumwitikia amina.

Kilichonikamata hasa ni kusoma Neno. Padri aliyetuongoza alitoa sharti moja, andiko la asubuhi usilitolee mahubiri. Ni ile namna ya watawa wa zamani, unasoma polepole, unatafakari, unaomba, halafu unanyamaza mbele za Mungu. Ngumu jamani! Mwinjilisti niliyekaa naye keshaandika vichwa vitatu vya mahubiri pembeni ya daftari, padri akaviona akamwambia taratibu, "mwanangu, hichi kula wewe kwanza". Ndo Matendo 6 hiyo, mitume walitafuta watu saba wa kuhudumia mezani ili wao wapate muda wa kuomba na Neno.

Mchana wanakuacha ulale, na mimi naona sawa kabisa, hata Eliya kule kwenye 1 Wafalme 19 alilala na kulishwa mkate kabla Mungu hajasema nae.

Tukapelekwa pia Kanisa Kuu la Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa mpaka likafungwa 1873. Askofu Steere amezikwa nyuma ya altare pale, yeye ndo alosimamia ujenzi na huku anatafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Tulikaa kimya tukawaombea waliouzwa pale, hakuna hotuba, hakuna spika. Mimi sijawahi kuomba vile.

Kasoro ipo. Jioni ya mwisho wakaturudishia ileile semina ya uongozi, watu wamefunga tangu alfajiri, ikaenda ikaenda mpaka muda wa kuungama ukaliwa wote. Hili halikunipendeza hata kidogo, mtu anabeba siri na dhambi za wenzake mwaka mzima, zake atazitua wapi kama hata huko hapati nafasi?

Bei nzuri, chakula ndani yake, chai na boflo asubuhi ya kutosha. Mukienda ombeni vyumba vya chini, umeme ukikatika juu hakulaliki kwa joto, na muulize mapema zamu ya kuungama ni lini mujiandikishe siku ya kwanza.