Dungeons & Dragons: boksi la kuanzia au kanuni za bure?

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambapo mmoja anaongoza na kusimulia kisa, na wengine wanaigiza wahusika wake. Marafiki wakitaka kuanza, kuna njia mbili: boksi la Starter Set la mwaka 2014, au kanuni za msingi zinazopakuliwa bure.

Boksi lina kijitabu cha kanuni cha kurasa 32, kisa cha kurasa 64, wahusika 5 walio tayari na dadu 6. Mnaanza usiku huohuo. Mchezaji anasema, "Namvamia yule zimwi," anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha bonasi yake. Jumla ikifikia namba ya kinga ya adui, amempata.

Kanuni za bure hazina gharama, ila kisa mtatunga wenyewe, na kuunda wahusika kunaweza kula jioni nzima. Dadu zipo hata kwenye simu. Mimi nachagua boksi, hasa kwa kumhurumia anayeongoza mchezo, maana kazi kubwa ni yake.