Halawa ya Magomeni: makwapa peleka, miguu baki nayo

Mimi ni fundi cherehani, na makwapa ya wanawake wa Dar es Salaam nayajua kuliko daktari. Mteja akija kupimwa gauni la kicheni pati, nikimwambia ainue mikono nipime kifua, kabla futi haijamgusa ameshaniomba radhi: "Fundi samahani, sijanyoa." Nimeombwa radhi na mabibi harusi, na mama zao, na mwalimu mkuu mmoja mwenye sauti ya kunyamazisha shule nzima. Wanaume wanaokuja kushonewa kanzu na kaunda suti huinua mikono, wakatazama dari, wakaendelea na habari zao za Simba na Yanga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba msamaha kwa nywele zake.

Naanza na hilo ili mjue niliingia saluni hii kwa jicho gani. Ni saluni ya halawa, iko Magomeni, unafika kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Mapipa. Jina silitaji, kwa sababu baadhi ya ninayoandika hayatawapendeza wenyewe, na kazi yao ni nzuri, sitaki kuwaharibia. Wa mitaa ile mtaijua: pazia la kijani mlangoni, benchi refu la mbao ndani, na mwanaume haingii, hata fundi wa feni husubirishwa nje mpaka wateja waishe.

Kwa msioijua, halawa ninayosema siyo haluwa ya kunywea kahawa. Ni sukari, maji ya ndimu na maji kidogo, vinachemshwa kwa moto mdogo mpaka vigeuke kahawia na kuvutika. Ndimu ndiyo inayofanya kazi: uchachu wake unaivunja sukari isirudi kuwa chenga, donge likabaki laini. Bibi yangu kule Tanga alilijua hilo bila kusoma kemia. Ndimu ikipungua, sufuria nzima iligeuka mawe, na sisi watoto tulifurahi maana mawe yale tuligawiwa tukala. Halawa yenyewe ilikuwa ya bi harusi. Alikuwa akifungiwa ndani na somo wake, akasingwa, akatiwa hina, na katika matayarisho hayo akanyofolewa nywele, huku wanawake wa uani wakizidisha vigelegele ili kilio kisifike barazani.

Hapa Magomeni hakuna vigelegele. Kuna feni, kitanda chenye shuka la karatasi, na dada mwenye glavu. Alinisafisha kwapa, akanipaka poda kukausha jasho, akachukua donge kiasi cha ndimu, akalikanda mpaka likalegea kwa joto la mkono. Waliozoea waksi watashangaa mwendo wake. Waksi hupakwa kufuata nywele zinakoelekea, kisha kitambaa kinavutwa kinyume. Donge la halawa linapakwa kinyume, likavutwa kufuata nywele, kwa hiyo nywele nyingi zinatoka na mzizi badala ya kukatikia katikati. Kwa sisi wenye nywele za kujikunja hili si jambo dogo. Nywele ikikatikia chini ya ngozi inajipinda na kuota humohumo ndani, ndipo unapoona vile vipele vyeusi ambavyo wengi huvisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu.

Maumivu yapo, asikudanganye mtu. Mvuto wa kwanza nilimtaja marehemu mama yangu. Wa tatu nilikuwa nikizungumza kama kawaida. Kisha maji ya vuguvugu, maana sukari inayeyuka na hakuna haja ya mafuta ya kubandulia, halafu utomvu wa mshubiri uliotoka kwenye ndoo ya maua pale pale dirishani. Makwapa yote mawili yaliisha kabla chai niliyopewa haijapoa. Ngozi ilikuwa nyekundu jioni ile, asubuhi imetulia, na nywele zilianza kuchungulia tena baada ya wiki tatu hivi.

Usafi wao nawapa alama zote. Kila mteja ana kibakuli chake, donge lililotumika linatupwa mbele yako. Kwingine nimeshuhudia mwiko mmoja na kopo moja la waksi: kwapa la huyu, kopo, kwapa la yule. Ngozi iliyotoka kung'olewa nywele inaweza kutoa damu hata kama huioni, na homa ya ini haiulizi ilipitia kwenye mwiko au kwenye wembe. Jambo jingine lililonifurahisha: kabla ya kuniegemeza kitandani, dada aliniuliza kama natumia vidonge vya chunusi au krimu yoyote ya kung'arisha. Ngozi iliyochunwa na mkorogo inaweza kubanduka pamoja na halawa. Katika mji wenye mikorogo kama huu, swali hilo peke yake linatosha kuwatofautisha na jirani zao.

Sasa miguu.

"Mama, na hii miguu tusiitoe?"

"Imefanya nini?"

"Ina nywele."

"Inazo tangu niko darasa la saba."

"Mume wako hasemi?"

"Mume wangu amelala Kisutu."

Akanyamaza, akanipa pole, na kisha, namsifu kwa moyo wa biashara, akaniambia nikitoa miguu pamoja na makwapa nitapunguziwa.

Nimekulia katika nchi ambayo msichana mwenye malaika, zile nywele laini, miguuni alisifiwa njia nzima. Wavulana walizitaja katika barua. Mama mkwe wangu aliniangalia miguu akatabasamu, na sidhani alikuwa akitazama viatu. Wengi wa umri wangu watakubali kwamba mambo yalikuwa hivyo: kwapa na sehemu za siri zilinyolewa, miguu ikaachwa, na mwenye nazo alihesabiwa kajaliwa. Leo binti wa miaka ishirini ananiambia miguu hiyohiyo ni uzembe. Hakuna aliyepiga kura.

Juu ya kitanda kile pamebandikwa picha kubwa ya mguu wa mzungu, mguu tu, hauna mwenyewe. Niliutazama sana maana nimelala chali na sina kingine cha kutazama. Historia ya mguu ule naielewa kwa sababu ni historia ya nguo. Mwaka 1915 kule Marekani magauni yasiyo na mikono yalikuwa yameingia, na kampuni ya Gillette, iliyokuwa ikiwauzia wanaume, ikatoa wembe wa wanawake ulioitwa Milady Décolleté. Matangazo yakawafundisha wanawake kwamba kwapa laini ni sehemu ya kuvaa vizuri. Miaka ya 1920 mapindo ya magauni yakapanda, miguu nayo ikaonekana kuwa na kasoro. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, nailoni ikaenda kwenye maparashuti, soksi ndefu zikaadimika, wanawake wakatoka miguu mitupu na wembe ukashuka mpaka kwenye kifundo. Fundi akipunguza kitambaa, kuna mfanyabiashara amekaa pembeni anasubiri kipande cha mwili kilichobaki wazi.

Nilimwambia dada yule kwa ufupi. Akasema, "Lakini mama, ni sunna."

Tuwe wakweli kidogo. Ya kwapa na mavuzi naikubali, nimelelewa nayo. Ila hadithi ya Anas, sahaba wa Mtume, iliyomo katika Sahihi Muslim, ile inayosema zisipite siku arobaini, inataja kupunguza sharubu, kukata kucha, kunyofoa kwapa na kunyoa sehemu za siri. Imeanza na sharubu! Wanaume wamo tena wako mbele, na bado hakuna anayewabandikia picha ukutani. Miguu haimo. Halafu kwenye orodha yao ya bei, mstari wa tatu, kuna kutinda nyusi, jambo ambalo kuna hadithi inayolikemea waziwazi. Kwa hiyo sunna ipo pale inapouza. Sikumwambia hili kwa ukali. Ni mtoto wa watu anapewa kamisheni.

Nyumbani nina binti anasoma Mlimani ambaye hanyoi popote, anasema ni msimamo. Nilipomwambia nilikokuwa, aliniuliza kama nimechagua au nimezoeshwa. Swali zuri, ingawa aliniuliza huku akila chakula changu. Nilimjibu kwa eda. Baba yake alipofariki nilikaa ndani miezi minne na siku kumi. Sikujipamba, sikujifukiza udi, hakuna mwanaume wa kunitazama, na cherehani lilikuwa limefunikwa. Makwapa niliendelea kuyanyoa, kwa sababu natoka jasho na harufu ikikaa kwenye nywele inanikera mimi mwenyewe. Miguu sikuikumbuka hata siku moja. Basi chaguo la kwapa ni langu, nililifanya bila shahidi. Binti akasema hata kukereka kunafundishwa. Huenda. Yeye ana makwapa yake na mimi nina yangu, na gauni lake la mahafali nililishona lisilo na mikono kama alivyotaka, na aliinua mikono nimpime bila kuniomba radhi. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyomwonyesha.

Aliyenikaa moyoni siku ile ni mwingine. Kwenye benchi alikuwepo mjamzito wa miezi minane, anahema, kanga mbili, miguu imevimba. Mumewe yuko mgodini Geita. Alikuja atolewe mavuzi yote kwa sababu chini ya tumbo haoni tena, na dada yake, alipokwenda kujifungua mwaka juzi, alisemwa wodini mbele ya wenzake kwamba amekuja na msitu. Huyu akaapa hatasemwa. Amekopa nauli, amepanda bodaboda na tumbo lile, kuja kununua heshima ambayo alitakiwa kuikuta kule bure. Wanawake wote benchini walitikisa kichwa kwa kuelewa. Kila mmoja alikuwa na hadithi: aliyenyolewa na mama mkwe, aliyejikata na wembe bafuni akiwa na uchungu, aliyemwomba mdogo wake wa miaka kumi na sita amshikie kioo.

Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2015 kwamba kumnyoa mama kama utaratibu wa kawaida kabla ya kuzaa kwa njia ya kawaida hakupendekezwi. Wembe unaacha mikwaruzo, na faida yake katika kuzuia maambukizi haikuonekana. Lakini waraka wa Geneva haukai kwenye benchi la Magomeni, na mwanamke anayekwenda kuzaa haogopi waraka, anaogopa sauti ya anayempokea. Mnaosema kila anachofanya mwanamke na mwili wake ni chaguo lake, nendeni mkamuulize yule mama alichagua kati ya nini na nini.

Na hapa lazima nimpe mwenye saluni haki yake. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Pemba, muda wote alikuwa jikoni na sufuria zake. Alisikia, akatoka, akakataa pesa ya bikini nzima, shilingi 30,000. Akamweleza kwamba ngozi ya mjamzito wa miezi hiyo ina damu nyingi na maumivu yake ni makali. Akamlaza ubavu, akampunguzia kwa mkasi, akamtoza 3,000 ya chai ya wasichana. Nilimsikia akimwambia, "Mwanangu, saa ile wanaangalia kichwa cha mtoto. Mwenye muda wa kuangalia kingine mwambie nimekutuma mimi." Benchi zima likacheka, na mjamzito naye akacheka mpaka akashika mgongo. Mama huyohuyo ndiye aliyebandika ule mguu ukutani na kuwafundisha wasichana wake kuuliza habari za waume. Sijui nimweke upande gani, na nadhani naye hajajiweka.

Bei: makwapa 10,000, miguu mpaka gotini 20,000, miguu mizima 35,000, mikono 20,000. Kwa makwapa ni haki kabisa ukilinganisha na vipele vya wembe. Kwa miguu, kama kabla ya kupita pazia la kijani hukuwa na mpango nayo, toka nayo ilivyo. Kama ulikuwa nao mpango, wenyewe wanaifanya vizuri, nimeona ya mwenzangu, na mimi si polisi wa miguu ya mtu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakiacha kumuuliza mteja mume wake anasemaje.

Kabla ya kwenda, acha nywele zifike urefu wa chembe ya mchele, zikiwa fupi zaidi donge halizishiki. Epuka siku za kukaribia hedhi, maumivu yanazidi. Vaa kitu chenye mkono mpana, na siku hiyo usipake dawa ya kwapa wala manukato. Wanapokea pesa taslimu na lipa namba. Ijumaa wanafungua baada ya swala. Mwezi wa Shaabani usiende bila kupiga simu, maana harusi zinafuatana kabla ya Ramadhani na lile benchi moja linajaa tangu saa mbili asubuhi.