Hosteli ya wanafunzi Leipzig: nyota tatu na nusu, hiyo nusu ni ya jiko

Naandika kwa yeyote anayekuja Ujerumani muhula wa Oktoba na kashapangiwa chumba hosteli, maana mimi kabla sijaja nilitafuta mtu anieleze kwa Kiswahili nikakosa, nikaishia kuangalia picha za chumba cheupe chenye maua dirishani. Maua hayapo. Jina la jengo silitaji.

Chumba chenyewe kiko poa. Kitanda, meza, kabati, kodi yangu euro 290 na humo humo kuna umeme, maji, hita na intaneti, kwa mji huu hapo umebahatika. Ila kitanda ni mbao na godoro tupu bas, shuka hakuna, mto hakuna, blanketi ndo kabisa. Mkataba umesema hivyo lakini nani anasoma mkataba wa Kijerumani mpaka mwisho. Nilifika Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, msimamizi wa jengo akanikabidhi funguo saa nane mchana akanisainisha makaratasi, nikasema ngoja nijinyooshe kidogo, mashuka ntanunua kesho. Kumbe kesho yake tarehe 3 ndo sikukuu yao ya muungano, Mashariki na Magharibi kuwa nchi moja, maduka yamefungwa yote aisee. Siku mbili nimelala na doti ya kanga aliyoniwekea mama kwenye begi, koti nimelikunja nimelifanya mto, na ile kanga imeandikwa mgeni njoo mwenyeji apone, nikabaki naisoma tu gizani. Jumamosi asubuhi nlikuwa mlangoni dukani kabla hawajafungua, maana nlishaambiwa Jumapili wanafunga tena. (Jumapili ukikwama nenda stesheni kuu ya treni, supamaketi za mle ndani zinafungua.)

Sasa jiko. Tupo wanne, mimi, Mvietnamu, Mgeorgia na Mjerumani mmoja, kila mtu na shelfu yake kwenye friji. Chini ya sinki kuna ndoo nne za taka, karatasi kwake, plastiki kwake, maganda ya chakula kwake, zilizobaki kwake, ukikosea hugombezwi, unabandikiwa karatasi. Inaanza na salamu nzuri kabisa af mstari wa pili unachambwa. Chupa za plastiki na makopo ya vinywaji usitupe, nyingi zina amana ya senti 25 ndani yake, unazilisha mashine ya supamaketi inakutolea risiti unaenda kulipwa. Na maji ya kununua achana nayo, mimi nlibeba kreti zima mpaka ghorofa ya nne kufungua yanafoka kama soda, na ya bomba yananyweka safi tu.

Ugali wa kwanza nlipikia unga wa njano wa supamaketi, chenga tupu, ukawa uji wenye mawe. Wa sembe nimeupata maduka ya Eisenbahnstraße, panda tramu, ndizi za kupika zipo, bamia zipo. Ila jiko ni la kioo, sufuria linateleza, hakuna pa kukanyagia kama kwetu, mwiko niliotumia ni kijiko chao cha mbao kikakatika shingo mikononi mwangu, Mvietnamu alicheka mpaka akakaa chini.

Nyota nilizokata ni za ofisi ya hosteli. Kujisajili manispaa unatakiwa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na lazima uende na karatasi ya mwenye nyumba kwamba kweli unakaa hapo, hiyo karatasi walinizungusha siku kumi, kila barua pepe inajibiwa kuwa barua yako imepokelewa. Desemba kuvu ikatokea pembeni ya dirisha, wakanijibu haraka safari hii, kosa langu, sifungui dirisha. Mtu wa Tanga nifungue dirisha lote nje nyuzi sifuri! Ila nlivyoanza kufanya hivyo dakika tano asubuhi na jioni kuvu ilikoma, hapo wamenishinda.

Na ile barua ya ada ya redio na televisheni usidhani matapeli, mimi ya kwanza nliitupa. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba hata kama huna tivii, sisi tunachanga wanne, 4.59 kila mtu.

Mwezi wa pili nlikaanga dagaa, king'ora cha moshi kikalia ghorofa nzima ikatoka na ndala kwenye baridi. Nikajua kesho karatasi. Kweli nikaikuta kwenye friji, salamu nzuri kabisa, af mstari wa pili Mjerumani anauliza vile visamaki vinaitwaje na kama vimebaki.