Seti ya kuchakata kitani nyumbani: mbao safi, mabua yamenitesa

Niliagiza kitani, ule mmea wa nyuzi za nguo za linen, si katani. Nasema mapema kwa sababu kila aliyeliona boksi aliniuliza kama sasa nasuka kamba za mkonge. Ndani mlikuwa na miganda miwili ya mabua yaliyokwisha kuvundikwa (yaani kuozeshwa kidogo ili nyuzi ziachie), kivunjio cha mbao, upanga wa mbao na machanuo mawili ya misumari.

Kivunjio sina neno nacho. Unalaza mabua, unabamiza, kijiti cha ndani kinakatikakatika na nyuzi zinabaki. Kisha unazining'iniza ukingoni mwa ubao na kuzipiga kwa upanga, ukiteleza kuelekea chini, makapi yadondoke. Fanyeni nje! Mimi nilifanyia sebuleni, na jana tu nimeokota makapi kwenye mto wa kochi.

Tatizo ni mabua. Mganda wa kwanza uliachia vizuri. Wa pili ulikuwa haujavundika sawasawa: nyuzi zimeng'ang'ania kijiti, nikizidisha nguvu zinakatika. Na kuvundika ndiko kazi yenyewe. Mabua hutandazwa shambani yapigwe na umande kwa wiki kadhaa, au huzamishwa majini kwa siku chache zaidi ya wiki, vijidudu viile ile gundi inayoshikilia nyuzi. Ukiyawahi, zinagoma, ukiyachelewesha, zinaoza nazo. Wanaovundika wenyewe huvunja bua moja kwanza, waone kama nyuzi zinabanduka bila kuvutana. Muuzaji hakujisumbua. Nikauloweka mganda ule upya kwenye beseni siku nne, na jirani akaja kuuliza kama kuna panya amekufa.

Chanuo la pili ndilo lilipaswa kutenga nyuzi ndefu na zile fupi za kamba na magunia, lakini misumari yake imeachana karibu sawa na ya lile la kwanza. Uzi wangu una vinundu.

Karatasi ya maelekezo nayo haitaji maji kwenye kusokota. Nilisokota pakavu siku nzima, uzi ukasimama manyoya kama paka aliyekasirika. Nilipolowesha vidole, ukalala papo hapo.

Nyota tatu kati ya tano, zote za mbao. Mabua yao siyarudii. Nimepanda mbegu zangu, na zikifika siku mia hivi nitayang'oa mwenyewe, na mizizi yake.