Kituo cha jioni cha vijana, Mbagala: malezi ya hali ya juu, umeme wa kuchangishana

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu mwenye umri wa miaka 16, jioni nne tofauti, katika kituo cha vijana kilichoko upande wa Mbagala, ambacho hufunguliwa saa kumi na mbili jioni na kufungwa saa tatu usiku, siku tano kwa wiki. Jina la kituo nalihifadhi, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nyingi si za wanaokiendesha.

Saa zenyewe zimechaguliwa kwa busara. Huo ndio muda ambao shule imekwisha na mzazi bado yuko Kariakoo au amekwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, na chumba cha kupanga hakimtoshi kijana pamoja na wadogo zake. Basi hutoka, na akitoka hukuta kijiwe au kibanda umiza, ambako atatazama mpira pamoja na watu wazima ambao hakuna anayejua wanaishi kwa kazi gani. Sisemi kwamba kila anayekaa kijiweni ni mhalifu. Hata hivyo, aliyekuwapo Dar es Salaam jioni ya Januari 2, 2015, watu walipokimbia na maduka kufungwa kwa hofu ya Panya Road, makundi ya vijana wahalifu, au Septemba 2022 makundi hayo yaliporudi na mapanga, hahitaji kuelezwa kwa nini mtaa unakitaka kituo hiki.

Jengo ni ukumbi mmoja wa mabati wenye meza chache, ubao wa drafti, kona ya kujisomea na uwanja wa vumbi nje, na ukutani pamebandikwa namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Kwa jengo peke yake nisingeandika mapitio haya. Kinachokipa kituo thamani ni walezi, ambao kila mmoja amekabidhiwa vijana wanane na anawajua hadi majumbani kwao: siku mpwa wangu alipokosa kufika, dada yangu alipigiwa simu kabla ya saa mbili. Mlezi wake, ambaye mchana ni fundi umeme wa magari, alipoambiwa kwamba kijana anataka kuacha kidato cha tatu akawe konda, hakumhubiria. Alimwambia, "Mdogo wangu, Jumamosi njoo gereji," akamweka kutwa nzima kando ya fundi mkuu, akamwacha aone mwenyewe ni mara ngapi fundi yule hulazimika kusoma michoro na kupiga hesabu. Mpwa wangu bado anasoma. Kwa muda gani, sijui, lakini sasa swali hilo analizungumza na mtu.

Upande wa wasichana huduma ni hafifu. Sikuwahi kuhesabu zaidi ya sita kwa jioni moja, na kufikia saa moja wote walikuwa wameondoka, kwa kuwa njia ya kurudi haina taa na mlezi wa kike ni mmoja tu, asiyeweza kuwasindikiza na papo hapo kubaki ukumbini.

Jioni ya tatu, saa mbili kasorobo, uniti za LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, zilikwisha. Walezi walichangishana kwa simu zao, na taa zikawaka baada ya dakika ishirini hivi, lakini nusu ya vijana walikuwa wameshavuka barabara kwenda kwenye kibanda umiza, ambacho hakikuzimika.

Nilipouliza kwa nini kituo hakiombi fedha za serikali, jibu lilinionyesha pengo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kati ya hizo zikiwa za vijana, na utaratibu huo, uliositishwa mwaka 2023, ulirejeshwa mwaka 2024. Fedha hizo, hata hivyo, ni mikopo ya vikundi vya biashara. Haina riba, lakini sharti irejeshwe, na ukumbi usiouza chochote hauna marejesho. Isitoshe, Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15, huku Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikimhesabu kuwa mtoto hadi atimize 18, kwa hiyo mpwa wangu ni kijana katika sera, ni mtoto katika sheria, na kwenye dirisha la mikopo hayupo kabisa. Serikali iliyozindua biashara ya saa 24 Kariakoo mwezi Februari 2025 imekwisha kukubali kwamba jiji lina maisha ya usiku. Kinachokosekana hapa ni fungu dogo la matumizi ya kawaida, lisilo mkopo, la kulipia umeme, mlinzi, nauli za walezi na mlezi wa pili wa kike.

Kwa mvulana ninakipendekeza kituo hiki bila kusita. Mzazi wa msichana apange kwanza nani atakayemfuata binti yake. Kiingilio hakuna, mzazi hutakiwa kufika mwenyewe siku ya kwanza, na mita ya LUKU iko nyuma ya mlango wa kuingilia, namba yake imeandikwa kwa chaki kwa yeyote anayetaka kununua uniti.