Upinde wangu wa kwanza: nilionunua Arusha nikauuza, na ninaotumia sasa Moshi

Upinde upi unafaa kuanzia? Nilipewa jibu kabla sijatoa hata shilingi, sikulisikia tu. Nilikuwa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, nimewapeleka wageni kutoka Arusha kuwatembelea Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa upinde. Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa motoni ananyoosha mshale. Anaupasha, anaubana kwa meno na kuukunja kidogo, anafumba jicho moja kuutazama urefu wake wote, kisha anaurudisha motoni. Nikamwamkia, nikaomba nijaribu upinde wake. Niliuvuta ukafika nusu ya kifua, ukagoma. Mzee hakucheka. Alichukua upinde wa mtoto wa kiume aliyekuwa amesimama karibu, akanipa. "Anza na huu, mwanangu." Nikarusha mishale kama kumi, mitatu ikakita kwenye kisiki.

Miezi michache baadaye nikanunua kompaundi ya paundi 60.

Kompaundi ni ule upinde wenye magurudumu kwenye ncha zake. Muuzaji wa Arusha aliniambia ni "wa kuwindia kabisa", umetumika kidogo, na una kila kitu: kifaa cha kulengea, podo la kuwekea mishale, kifyatuo cha kuvaa mkononi na vyembe (ncha za mishale) vitatu vyenye makali kama wembe. Nilivutiwa na vile vikorombwezo. Sikuuliza mambo mawili yaliyokuwa na maana kuliko vyote: uzito wa kuvuta, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta, na urefu wa kuvuta, yaani umbali unaouvuta hadi mwisho.

Paundi 60 ni kama kilo 27. Kwa kompaundi uzito huo hupungua sana ukifika mwisho wa kuvuta, mara nyingi kwa asilimia 70 au 80, ndiyo maana watu huweza kutulia wakilenga. Lakini kwanza uupite mlima wenyewe. Mimi niliupita kwa kunyanyua upinde juu ya kichwa na kupinda mgongo, na wiki ya pili bega la kulia likaanza kuniuma usiku.

Urefu ulikuwa tatizo kubwa zaidi. Ukinyoosha mikono pande zote mbili, mtu akupime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ukagawanya kwa 2.5, unapata makadirio mazuri ya urefu wako wa kuvuta. Mimi ni sentimita 170, yaani 68, karibu inchi 27. Ule upinde ulikuwa umewekwa inchi 30. Upote, yaani kamba ya upinde, ulikuwa unapita shavu langu na kwenda nyuma ya sikio, na ukiachiwa unachapa mkono wa mbele kati ya kiwiko na kiganja. Nilikaa siku tisa na alama ya zambarau.

Kurekebisha urefu huo kwa upinde kama ule kunahitaji mashine ya kuubana ili upote ulegee. Niliulizia Arusha, nikaulizia Moshi, sikumpata fundi mwenye mashine hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba upinde mzuri kwangu ni ule ninaoweza kuuhudumia mwenyewe hapa nilipo. Nikauuza kwa hasara.

Wa pili ni rikavu, ule ambao ncha zake zimejikunja kwenda mbele. Una vipande vitatu: kishikio cha mbao cha katikati na mabawa mawili, yale yanayopinda ukivuta, yanayofungwa kwa skrubu kubwa za kukaza kwa vidole. Urefu wake ni inchi 62, na nilichagua mabawa ya paundi 30. Ndugu aliyekuwa anarudi likizo aliniletea ndani ya begi la mizigo, kwa sababu upinde na mishale haviruhusiwi kuingia nao ndani ya ndege. Upinde wenyewe ulinigharimu kama laki tatu na nusu.

Ninauelezea bila kusitasita: ndio upinde wa mtu anayeanza. Ninauvuta taratibu, ninafikisha kidole kwenye kona ya mdomo, ninahesabu hadi nane bila kutetemeka. Upote ninaupandisha kwa kamba yake maalumu, dakika moja, na nikimaliza mazoezi ninaushusha ili mabawa yapumzike. Upote ninaupaka nta ya nyuki niliyopata kwa muuza asali. Kasoro ni kwamba upote uliokuja nao ulianza kufumuka nyuzi mapema, ikabidi niagize mwingine.

Mishale ndiyo niliyoichukulia kirahisi. Ile ya kompaundi niliijaribu kwenye rikavu, na yote ikawa inakwenda upande mmoja huku ikiyumba mkia kama samaki. Kila mshale una namba ya ugumu, na namba kubwa ndiyo mshale laini. Ile ya zamani ilikuwa 400, migumu mno kwa mabawa ya paundi 30. Nilipopata sita ya namba 700, kundi la mishale lilijikusanya kwenye eneo la sahani ya chai kwa mita kumi, siku hiyohiyo. Nikiwa na fedha ya kitu kimoja tu cha kuongeza, ninaongeza mishale. Ile ya kaboni ninaikunja kidogo karibu na sikio kabla ya kila zoezi. Ikilia kama kijiti kinachovunjika ninaitupa, maana ikipasuka wakati wa kuachia inaweza kuingia mkononi.

Vingine nilivyohitaji ni vichache: kikinga mkono, kipande cha ngozi cha kulinda vidole, basi. Kifaa cha kulengea bado sijakinunua wala sioni kama ninakihitaji.

Ninafanyia mazoezi kihambani (shamba la ukoo) kwa baba mdogo, Kibosho karibu na Moshi, mahali penye ukingo wa udongo nyuma ya shabaha. Shabaha ni gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu. Mwanzo nilitumia magogo ya migomba iliyokwisha kukatwa mkungu. Mshale unaingia vizuri, lakini utomvu wa mgomba unakauka kwenye mti wa mshale, unakuwa kahawia na kunata, na kuusafisha ni kazi ya jioni nzima. Na kamwe siachii upote bila mshale, kwa kuwa nguvu yote inarudi kwenye mabawa na yanaweza kupasuka.

Kuhusu kuwinda kwenyewe: ukinunua upinde hujapata ruhusa ya kuwinda. Kuwinda wanyamapori bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Pia yapo majimbo Marekani yanayotaka angalau paundi 40 kwa wanyama wakubwa, ili mnyama asijeruhiwe akaenda kufia mbali kwa mateso. Mimi na paundi 30 zangu sistahili kumlenga kiumbe. Vile vyembe vya wembe niliviacha na kompaundi yake.

Baada ya miezi minane, mabawa ya paundi 40 yako njiani. Haya ya 30 atachukua mdogo wangu. Tulimpima kwa kutazama mgomba mmoja kupitia tundu la viganja vilivyounganishwa, kisha afumbe jicho moja moja, tukagundua jicho lake lenye nguvu, lile linaloendelea kuuona mgomba, ni la kushoto. Kwa hiyo atavuta kwa mkono wa kushoto, na atahitaji kununua kishikio cha wanaovuta kwa mkono huo tu, mabawa ni haya haya.