Ngomeni na Ami: uzoefu wangu ndani ya Fort Jesus

Nimezaliwa Mombasa na kwa miaka nenda miaka rudi nimepita chini ya ukuta wa Ngomeni nikienda Mji wa Kale, kila siku nikisema nitaingia kesho. Jumamosi iliyopita niliingia, na aliyenishika mkono ni ami yangu. Ana miaka 76, alifanya kazi Bandari ya Kilindini mpaka akastaafu, na jengo hili mdomoni mwake halijawahi kuitwa Fort Jesus. Ni Gereza tu. Lilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na yeye utotoni alikuwa hathubutu kucheza karibu na lango. Neno gereza lenyewe inasemekana tumelichukua kwa Wareno, kwa neno lao la kanisa, igreja. Basi ami alipovuka kizingiti alisema "Bismillahi" kwa sauti, akasimama kidogo, ndipo tukaendelea.

Ngome ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596, juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Hayo mwelekezi atakueleza vizuri, pamoja na habari kwamba ukiitazama kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala chali. Mimi nakuomba usikimbilie kupiga picha kwenye kuta. Tafuta alama za watu walioishi humu.

Anza na michoro. Askari wa Kireno waliokuwa zamu kwenye buruji (mnara wa pembeni wa ngome) ya São Mateus walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, mtu aliyevaa deraya, hata kinyonga. Mimi niliona mistari ya mtu aliyechoshwa na kukaa. Ami aliinama mbele ya meli, mikono nyuma, akakaa hivyo mpaka kundi la wanafunzi likatupita. "Tazama kamba zilivyofungwa kwenye mlingoti," akaniambia. "Huyu hakuwa askari wa nchi kavu. Huyu alipanda juu." Tangu hapo nikaacha kusoma vibao, nikawa namfuata yeye.

Kwenye ukumbi wa maonyesho tulikaa zaidi mbele ya vitu vya Santo António de Tanna. Hii ni meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani wamewazingira. Mzingiro huo ulianza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698, na waliokufa kwa maradhi ndani ya kuta walikuwa wengi mno. Wala hawakuwa Wareno peke yao. Waswahili walikuwemo, watu wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, chini ya Bwana Daud. Wapiga mbizi walishughulikia mabaki ya meli kuanzia 1977 hadi 1980, kwa hiyo bakuli la kauri ya Kichina unaloliangalia lilikaa chini ya maji yetu karibu miaka 280. Na bado linang'aa.

Nyumba ya Waomani usiipite. Na ukifika baraza ya Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliowahi kutawala Mombasa, inua macho, kwa sababu uzuri wake uko juu, kwenye boriti zilizochongwa maandishi ya Kiarabu.

Kisa kilichonikaa moyoni ni cha Yusuf bin Hassan. Mtoto wa mfalme wa Mombasa, baba yake akauawa, yeye akapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala kwa niaba ya Wareno. Agosti 1631 aliwageuka Wareno, akaiteka ngome hii akiwa ndani yake. Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya kumsifu kapteni aliyekuja baadaye, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome akiwa na miaka 27. Ukisimama chini ya jiwe hilo na watoto, wasimulie habari za Yusuf kwanza.

Wapenzi wa mambo ya vita wana mizinga ya kutosha. Miwili ina historia yake: mmoja wa manowari ya Kiingereza Pegasus, mwingine wa Königsberg ya Wajerumani, ile iliyoizamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Königsberg ikajificha kwenye delta ya mto Rufiji, Tanzania ya leo, ndege zikaruka juu ya mikoko kuwaonyesha Waingereza pa kulenga, na Julai 1915 ikaishia huko huko. Ami aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka. Jua lilikuwa limeshakiivisha.

Kwa hiyo nendeni mapema, saa mbili au tatu asubuhi, maana uwanja wa kati hauna kivuli kingi. Bebeni maji, vaeni viatu visivyoteleza, na Mkenya asisahau kitambulisho kwa sababu kiingilio chetu ni nafuu kuliko cha mgeni. Tengeni muda wa saa tatu nzima. Sisi tulitoka adhuhuri inaadhiniwa na hatukumaliza. Likizo nitarudi na wanangu. Ami ameshasema anakuja, ila safari hii anataka tuanzie kwenye ile meli iliyochorwa kwa makaa, atuhesabie kamba moja moja.